Nyaya za Ukutani

Nyumba tuliyoishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ilijengwa katika miaka ya 1950, nasi tuliinunua mwaka 1996. Ilikuwa na matundu matano ya simu: sebuleni, jikoni, chumbani kwetu, chumba cha watoto, na moja katika chumba cha chini ya ardhi, kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, ambako sikuelewa nani alitaka kuzungumza na nani. Nilipoyahesabu nilicheka peke yangu. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa simu Tanga tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na aliendelea baada ya Jumuiya hiyo kuvunjika mwaka 1977. Nilipokuwa mtoto nilimbebea mfuko wake wa vifaa. Katika mitaa tuliyopita, simu ilikuwa kitu cha ofisi, cha hospitali na cha nyumba chache za wakubwa, na kila nyumba ilikuwa na moja tu. Mjomba alikuwa na neno lake kwa wenye nyumba waliopenda kuchokonoa: waya wa simu ni mali ya Shirika hata ukiwa ndani ya ukuta wako, usiuguse.

Neno hilo nilisafiri nalo. Miaka miwili ya mwanzo sikugusa waya hata mmoja katika nyumba ile, ingawa ilikuwa yangu kwa hati.

Msomaji aliyekulia zama za simu za mkononi huenda akahitaji kuelezwa intaneti ilikuwaje wakati huo. Kompyuta ilikuwa na kidude kiitwacho modemu, nacho kilichomekwa katika tundu la simu. Ukitaka kuingia mtandaoni, modemu ilipiga simu kama mtu anavyopiga, ikasubiri upande wa pili upokee, kisha pakafuata milio na mikwaruzo ya karibu nusu dakika mpaka mashine mbili zielewane. Toka hapo laini ilikuwa imeshikwa. Aliyepiga kutoka nje alisikia mlio wa laini yenye shughuli. Kulikuwa na huduma ya kukujulisha kwamba simu nyingine inakuja, lakini mlio wake ulikuwa ukikata mazungumzo ya modemu, kwa hiyo watu wengi waliizima. Na mimi niliizima, kwa makusudi, kwa sababu nilichoka kurudia upya kila mara.

Usiku mmoja wa Novemba 1998 niliingia mtandaoni saa 3 usiku, watoto walipolala. Nilikuwa nikisoma habari za nyumbani na kuandikiana na jamaa waliotawanyika, mmoja London, mwingine Muscat. Nilitoka saa 7 kasoro robo. Tanga wakati huo ilikuwa inakaribia saa 3 asubuhi.

Mama alifariki alfajiri ya siku hiyo. Mdogo wangu wa kike alinipigia mara nne kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kwa simu ya ofisi ya mtu aliyemfungulia mlango kwa hisani. Hakuwa akitafuta nauli wala rambirambi. Nisingewahi maziko hata kama ningepaa saa ileile, na yeye alilijua hilo. Alikuwa akitafuta neno langu. Mama alikuwa ameniomba, mimi kifungua mimba wake, kwamba akifa alazwe Pangani karibu na mama yake, nami nilikuwa nimemwahidi. Wajomba walitaka Pangani pia; upande wa baba walitaka Tanga, pale pale, kabla ya adhuhuri. Pangani ni kiasi cha kilomita 50 kwa barabara ambayo siku za mvua huwezi kuiwekea saa. Gari lilipaswa kuondoka mapema au lisiondoke kabisa. Neno la kaka mkubwa lingemaliza ubishi. Kaka mkubwa alikuwa na mlio wa laini yenye shughuli.

Walimzika Tanga. Habari niliipata mchana wa siku iliyofuata usiku ule, kwa simu hiyohiyo. Mke wangu ndiye aliyepokea.

Kwa muda nililaumu waya. Ilikuwa rahisi kuliko kujilaumu mwenyewe, na tena ilionekana ni kweli: waya mmoja, mazungumzo mamoja. Ni mpaka nilipoanza kusoma juu ya nyaya hizo ndipo nilipogundua kwamba waya haukuwa na hatia hata kidogo, na kwamba katika kuta za nyumba yangu mlikuwa na nafasi ambayo haikutumiwa na mtu tangu siku nyumba ilipopakwa rangi ya kwanza.

Simu za mwanzo, zile zilizofuata hataza ya Alexander Graham Bell ya mwaka 1876, zilitumia waya mmoja tu, na umeme ukarudi kwa njia ya ardhi. Zilipokea kelele za kila namna, na treni za umeme zilipoanza kupita mitaani kelele zikawa hazivumiliki. Dawa ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1881 Bell mwenyewe alipata hataza ya kutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Akili ya jambo hili ni nyepesi kuliko inavyoonekana: kelele ya nje huzigonga nyaya zote mbili sawasawa, na kwa kuwa simu husikiliza tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo mbili, kile kilicho sawa kwa zote hujifuta chenyewe. Nyaya mbili zilizosokotwa zikawa ndiyo simu ya dunia nzima. Mjomba wangu alizimenya Tanga kwa kisu chake, na wenzake walizimenya Ohio.

Sasa, sauti ya binadamu katika simu ilipewa nafasi kuanzia kiasi cha hezi 300 mpaka 3,400. Inatosha kumtambua mtu na kujua kama amekasirika. Lakini mpaka huo uliwekwa na wahandisi wa mitambo ya simu ili waweze kupitisha mazungumzo mengi kwa pamoja baina ya miji; haukuwekwa na jozi ya nyaya iliyomo ukutani. Modemu yangu iliweza biti 56,000 kwa sekunde kwa kadiri ya maandishi ya kwenye boksi lake, na hazikufika kamwe, kwa sababu ililazimika kujifanya sauti ya mtu ili ipenye katika mlango huo mwembamba. Ndani ya nyumba, kutoka chumba hadi chumba, ni makumi machache ya mita tu. Kwa umbali huo waya uleule unaweza kubeba mitetemo ya mamilioni kwa sekunde.

Mbona basi hakuna aliyeutumia? Jibu lake, kwa sehemu kubwa, ni lile neno la mjomba. Hata Marekani, nchi ya watu wanaopenda kusema changu ni changu, waya wa ndani ya nyumba ulikuwa mali ya kampuni ya simu kwa karibu karne nzima, pamoja na simu yenyewe. Kulikuwa na kifaa kiitwacho Hush-A-Phone, kitu kama kikombe cha kuvika kwenye mdomo wa simu ili aliye karibu asisikie unachosema. Kampuni ilikipinga, na shauri likafika mpaka mahakama ya rufaa, ambayo mwaka 1956 iliamua kwamba mwenye simu ana haki ya kuweka kikombe chake. Mwaka 1968 likaja shauri la Carterfone, kifaa cha Thomas Carter wa Texas kilichounganisha simu na redio ya upepo, na tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikakubali kwamba vifaa vya watu binafsi vinaweza kuunganishwa na laini mradi havidhuru mtambo. Mlango huo ndio uliokuja kuipitisha modemu. Kampuni kubwa ya AT&T iligawanywa tarehe 1 Januari 1984, na kuanzia tarehe 1 Januari 1987 kufunga na kutengeneza nyaya za ndani kukaondolewa katika bei zilizodhibitiwa na serikali. Mwenye nyumba akaweza kuzitengeneza mwenyewe. Mimi nilikuwa na nyumba miaka tisa baada ya tarehe hiyo, na bado niliogopa kushika bisibisi.

Wenye ujasiri walikuwa wamekwishaanza. Kampuni ya Apple ilipotoa mtambo wake wa kuchapa kwa mwanga wa leza mwaka 1985, iliuza na nyaya zake maalumu za kuunganisha kompyuta kadhaa na mtambo huo, na bei yake haikuwa ndogo. Reese Jones wa Berkeley, California, aliona kwamba waya wa kawaida wa simu ungefanya kazi ileile, akatengeneza kiunganishi kilichoitwa PhoneNET, na kampuni yake ya Farallon ikakiuza. Ufundi wake ulikuwa katika jambo dogo sana. Waya wa simu wa nyumba za Marekani kwa kawaida huwa na nyaya nne ndani ya ganda moja: mwekundu na wa kijani, wa njano na mweusi. Simu moja hutumia mwekundu na wa kijani. Yeye akachukua ile ya njano na nyeusi iliyolala bure.

Haya yote niliyajua baadaye. Aliyenifungua macho alikuwa mzee jirani yetu, mstaafu, aliyepanda nguzo za simu kwa zaidi ya miaka 30. Alikuja kutoa pole kwa msiba, kwa kuwa watoto walikuwa wamemwambia mkewe, nami nikamweleza habari ya laini. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba tutoke nje. Ukutani, nyuma ya mti wa maua, palikuwa na kisanduku cha kijivu nilichokuwa nikikipita kila nilipokata majani. Akakifungua kwa bisibisi yake mwenyewe. Nyaya nne ziliingia ndani ya nyumba, mbili zimefungwa kwenye skrubu, mbili zimekunjwa zikiwa safi kama zilivyotoka kiwandani. Aliniambia kwamba upande huu wa kisanduku ni wa kampuni na ule ni wangu, na kwamba laini ya pili ingeweza kuingia kwa nyaya hizo zilizokunjwa bila kutoboa tundu hata moja. Nilitazama nyaya zile nikahisi vibaya. Zilikuwa pale usiku ule.

Laini ya pili iliingia mwanzoni mwa 1999, kwa njano na nyeusi, ikawa ya modemu peke yake. Nyekundu na kijani zikabaki za watu. Tatizo moja likaisha na lingine likazaliwa, kwa kuwa mwaka huohuo tuliwanunulia watoto kompyuta yao, na sasa kompyuta mbili ziligombea modemu moja. Mtoto wa kiume alikuwa na miaka 13. Alipohitaji intaneti kwa kazi za shule alinisimamia mgongoni mpaka nikainuka.

Hapo ndipo niliposikia juu ya mtandao wa nyumbani kwa nyaya za simu. Juni 1998 kampuni 11, zikiwamo Intel, IBM, Compaq, Hewlett-Packard na Lucent, ziliunda umoja ulioitwa HomePNA ili ziwe na kanuni moja. Kanuni ya kwanza ilitokana na ufundi wa kampuni ndogo iliyoitwa Tut Systems, nayo ilibeba megabiti 1 kwa sekunde. Kilichonivutia ni jinsi walivyogawana nafasi. Sauti ya simu hukaa chini ya kilohezi 4. Huduma mpya ya intaneti ya kasi, ADSL, ilipewa kuanzia kiasi cha kilohezi 25 mpaka karibu megahezi 1.1. HomePNA wakapanda juu zaidi, kati ya megahezi 5.5 na 9.5. Waya uleule, na kila mmoja yuko kwenye masafa yake asimsikie mwenzake, kama redio ya mbao ya marehemu baba ilivyopokea stesheni nyingi kwa antena moja iliyofungwa kwenye mnazi.

Kazi haikuwa nyepesi kwa wahandisi wale. Mitandao ya maofisini, hasa baada ya kanuni ya mwaka 1990 iliyoruhusu Ethernet ya megabiti 10 kupita katika nyaya zilizosokotwa, ilidai kila kompyuta iwe na waya wake mpaka kwenye kisanduku cha katikati. Nyaya za simu za majumbani zimekaa kama mizizi: moja inatoka hapa, inapasukia jikoni, nyingine inaishia kwenye tundu lisilo na kitu. Wimbi likifika mwisho mtupu hurudi kama mwangwi na kuvuruga linalofuata. Ongeza kengele ya simu, ambayo huitikisa laini kwa umeme wa karibu volti 90, na mtu anayeinua na kuweka mkono wa simu wakati wowote apendao. Lakini adabu ya mazungumzo waliichukua Ethernet kama ilivyo: sikiliza kwanza, kama kimya sema, mkigongana nyamazeni kila mmoja kwa muda wake kisha mjaribu tena. Robert Metcalfe na David Boggs waliitumia katika maabara ya Xerox huko California kuanzia 1973, na kabla yao Norman Abramson na wenzake walikuwa wameunganisha visiwa vya Hawaii kwa redio mwaka 1971, kila kituo kikisema kilipotaka na kurudia kikigongana na kingine. Mtu aliyekulia barazani hawezi kushangazwa na kanuni hizo. Anachoweza kushangaa ni kwamba mashine huzifuata.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 nilinunua kadi mbili. Moja niliifunga katika kompyuta ya sebuleni, yenye modemu, na nyingine katika ile ya watoto. Programu ya Windows 98 toleo la pili ilikuwa tayari na uwezo wa kugawa intaneti ya mashine moja kwa nyingine. Ile ya sebuleni ikajipa anwani 192.168.0.1, mojawapo ya anwani zilizotengwa kwa mitandao ya faragha, ambazo nyumba milioni zinaweza kuzitumia kwa pamoja bila kugombana. Nikachomeka waya mfupi kutoka kila kadi mpaka tundu la ukutani. Hakuna kutoboa, hakuna kuvuta waya chini ya zulia.

Haikufanya kazi. Kompyuta hazikuonana. Nilibadilisha kadi, nikarudia programu, nikazima na kuwasha mpaka usiku wa manane. Tundu la chumba cha watoto nililijaribu kwa simu ya kawaida: mlio upo. Kwa hiyo nikaliondoa katika washukiwa, na hilo ndilo lililonipotezea siku mbili. Siku ya tatu mke wangu aliinua simu ileile ya chumba cha watoto wakati modemu inafanya kazi, akasikia mikwaruzo sikioni, na intaneti ikakatika. Nikaelewa. Mlio ulikuwapo, lakini ulikuwa wa laini ya pili. Fundi fulani wa zamani, au mwenye nyumba wa zamani, alifunga tundu lile kwa njano na nyeusi. Labda kwa miaka lilikuwa bubu na hakuna aliyejali. Kompyuta moja ilikuwa ikisema kwenye jozi moja, na nyingine ikisikiliza kwenye jozi ya pili, zikitenganishwa na unene wa ganda la plastiki.

Nilifungua kifuniko kwa bisibisi. Mkono ulinitetemeka kidogo, na si kwa sababu ya umeme, kwa kuwa volti 48 za laini iliyotulia hazimtishi mtoto wa fundi. Ni neno la mjomba. Nikalegeza skrubu mbili, nikahamisha nyekundu na kijani mahali pake, nikakaza. Kijana akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake kwamba inaonekana.

Kadi zile zilitutumikia miaka minne. Mwishoni mwa 1999 kanuni ya pili ya HomePNA ilikuwa imekwisha kutoka, ya megabiti 10, kwa ufundi wa Epigram, kampuni ambayo Broadcom iliinunua mwaka huohuo. Lakini 1999 ndio uliokuwa pia mwaka wa kanuni ya redio ya megabiti 11, ambayo tunaijua sote kwa jina la Wi-Fi, na baada ya hapo mtu wa kawaida hakuwa na sababu ya kuuliza tundu la simu liko wapi. Kazi ya HomePNA haikutupwa. Iliendelea katika hoteli na majengo ya zamani, na toleo lake la baadaye lilisambaza televisheni majumbani kwa nyaya za antena. Mwaka 2013 umoja huo uliungana na HomeGrid Forum. Sisi tulinunua kisanduku cha Wi-Fi mwaka 2004, na kadi nikaziweka kwenye droo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumapili moja ya Machi 2000, saa 8 mchana, simu iliita jikoni. Kijana alikuwa chumbani kwake anashusha picha za sayari kwa ajili ya shule, na picha hizo zilipita katika nyaya zilezile zilizokuwa zikiita. Nikapokea. Alikuwa mdogo wangu, yuko kwa jirani, kwao ni saa 4 usiku. Paa la nyumba ya Mama lilikuwa linavuja na mafundi walitaka mabati 20. Tukazungumza mabati. Kisha akasema, "Kaka, leo imeita mara moja tu ukapokea."

Nikamweleza kwamba nimetenganisha laini. Sikumweleza habari za megahezi.

Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akanieleza asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu ilipotokea: nani alisema nini, nani alikaa nje kwenye mkeka asitake kuingia. Alisema mara tatu za kwanza alipiga kutaka jibu. "Ya nne nilikuwa nimeshaamua, kaka. Nilitaka tu unisikie kabla hawajamtoa."

Chumba cha pili niliisikia diski ya kompyuta ikikwaruza, picha inaendelea kuingia. Nikamwuliza gari la kwenda Pangani siku ile lingegharimu kiasi gani, kana kwamba hesabu hiyo ilikuwa bado ina kazi. Akanitajia.